Athari za Kihindi Zanzibar: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu yafuatayo yameandikwa kwa ajili ya msomaji anayekula sambusa, anayelipa bima ya gari na kununua doti ya khanga bila kujiuliza vitu hivyo vilipitia wapi kabla ya kufika kwake. Mkazo uko Zanzibar, hasa Mji Mkongwe wa Unguja. Mombasa, Bagamoyo na Dar es Salaam zinatajwa pale ambapo habari yenyewe inavuka bahari.

Wahindi walianza kufika pwani hii lini?

Kabla ya kuuliza lini, ni vyema kuuliza kwa njia gani, kwa kuwa jibu la swali la pili ndilo linaloeleza la kwanza. Pepo za kaskazi, zinazovuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi, huvisukuma vyombo kutoka Bara Hindi na Uarabuni kuja kwetu, na pepo za kusi, zinazoanza kushika nguvu Aprili, huvirudisha vilikotoka. Mfanyabiashara wa Mandvi katika Kachchh, au wa Surat, zote za magharibi ya India, aliweza kuja na kotia yake iliyojaa nguo na mchele, akauza, akangoja upepo ugeuke, kisha akarudi na pembe za ndovu. Mwongozo wa mabaharia ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1 unataja ngano, mchele, samli, mafuta ya ufuta na nguo za pamba zilizoletwa kutoka magharibi ya India hadi masoko ya Pembe ya Afrika. Vasco da Gama alipofika Malindi mwaka 1498 alikuta wafanyabiashara wa Kihindi wameshatangulia, na ni kutoka hapo alipopewa rubani aliyemfikisha Calicut.

Hata hivyo, kuja na kurudi ni jambo moja, na kukaa ni jambo jingine. Wahindi walianza kuweka makazi ya kudumu Unguja kwa wingi katika karne ya 19, baada ya Seyyid Said, Sultani wa Oman, kuhamishia makao yake kutoka Muscat kuja kisiwani.

Kwa nini Sultani wa Kiarabu aliwahitaji wafanyabiashara wa Kihindi?

Kwa sababu ya mtaji. Seyyid Said alikuwa na merikebu, askari na jina, lakini fedha taslimu na mtandao wa mikopo ulikuwa mikononi mwa watu wa Kachchh na Gujarat, ambao baadhi yao walikuwa wamekwisha kufanya kazi na nasaba yake huko Muscat. Forodha ya Unguja ilikodishwa, maana yake ni kwamba mfanyabiashara alimlipa Sultani kiasi kilichokubaliwa kila mwaka, kisha akakusanya ushuru yeye mwenyewe na kubaki na kilichozidi. Jairam Shivji, Mbhatia kutoka Kachchh, aliishika kazi hiyo kwa miaka mingi, na baadaye ikapita mikononi mwa Tharia Topan, Khoja wa Ismailia aliyefika Unguja akiwa mtoto.

Kutoka forodhani mkopo ulitiririka kuelekea bara. Mhindi wa Unguja au wa Bagamoyo alitoa nguo, shanga na waya kwa mali kauli, yaani bidhaa zinazochukuliwa kwa ahadi ya mdomo na kulipwa baadaye. Kiongozi wa msafara, Mwarabu au Mswahili, alizipeleka Tabora na Ujiji, na baada ya mwaka au zaidi alirudi na pembe za kulipia deni. Mashamba ya karafuu nayo yaliendeshwa kwa namna hiyo hiyo, mwenye shamba akikopa kabla ya mavuno na kuweka miti yake rehani.

Katika kueleza historia hii si haki kuruka sehemu yake iliyo chungu. Biashara hiyo ya mikopo ilikuwa imefungamana na biashara ya watumwa, na Wahindi wenyewe walimiliki watumwa. Mwaka 1860 balozi wa Uingereza, Christopher Rigby, aliwataka Wahindi aliowahesabu kuwa raia wa Uingereza wawaachie watumwa wao, na maelfu wakaandikiwa hati za uhuru. Mtu anayesimulia habari za balkoni nzuri za Mji Mkongwe na kuliacha hili amesimulia nusu.

Je, "Mhindi" ni jamii moja?

Hapana, na hapa ndipo watu wengi wa pwani wanapokosea, ingawa Kiswahili chenyewe kina majina ya kuwatofautisha. Baniani ni Mhindu, na kwa asili jina hilo ni la tabaka la wafanyabiashara wa Gujarat. Wengi wa Mabaniani wa mwanzo walikuja bila wake zao, wakakaa miaka kadhaa na kurudi kwao, kwa sababu mila za tabaka ziliwazuia wanawake kuvuka bahari. Khoja ni Mwislamu wa asili ya Kachchh, Kathiawar au Sindh. Jamii hiyo ilikuja kugawanyika kati ya wafuasi wa Aga Khan, yaani Waismailia, na Maithnaasheri, na mgawanyiko huo ulikata katikati ya familia za Unguja. Bohora ni jamii nyingine tena, yenye kiongozi wake na mavazi yake, iliyojulikana kwa biashara ya vifaa vya chuma na ufundi wa bati. Mgoa ni Mkatoliki kutoka koloni la Wareno la Goa, na kwa miaka mingi ukimtafuta mshonaji, mpishi wa kwenye meli, karani wa ofisi au mpiga picha, ungemkuta ni yeye. Studio ya A. C. Gomes ilipiga picha nyingi za Unguja ya zamani ambazo bado zinachapishwa leo, na bendi ya Sultani Barghash ilikuwa ya Wagoa.

Maparsi, wanaofuata dini ya Zoroasta, walikuwa wachache sana. Mmoja wa watoto wao, Farrokh Bulsara, alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, baba yake akifanya kazi ya uhasibu serikalini. Alisomeshwa India, familia ikahamia Uingereza mwaka 1964, na ulimwengu ukamjua kwa jina la Freddie Mercury. Watalii humuulizia yeye kuliko Tharia Topan, na sina la kufanya kuhusu hilo.

Kalasinga, yaani Singasinga mwenye kilemba, ni sura ya bara zaidi kuliko ya visiwani. Wengi waliingia na reli ya Uganda, iliyojengwa kutoka Mombasa hadi ziwani kati ya 1896 na 1901 na vibarua wapatao 32,000 walioletwa kutoka India, hasa Punjab. Karibu 2,500 walikufa kazini. Wengi wa waliobaki hai walirudi makwao mkataba ulipokwisha, na kwa hiyo si kweli kwamba Wahindi wote wa Afrika Mashariki ni wajukuu wa makuli wa reli. Zanzibar walikuwepo kabla reli haijawaziwa.

Ni maneno gani ya Kiswahili yaliyotoka katika lugha za Kihindi?

Ukiyapanga maneno hayo kwa mafungu utaona mara moja ni shughuli gani zilizowakutanisha watu. Fungu kubwa ni la fedha na ofisi: pesa, rupia, laki, hundi, bima, cheti, chapa, karani. Fungu la pili ni la kazi na mizigo: gari, gunia, kuli, dobi. La tatu ni la nyumbani na jikoni: godoro, bangili, embe, chapati, bajia, kachori, kachumbari, chatini, achari. Hakuna fungu la mapenzi wala la ibada, na kwa maoni yangu hilo linasema mengi. Waswahili na Wahindi walikutana kwenye kaunta, gatini, mlango wa jikoni na barazani; hawakukutana sana chumbani wala msikitini, hata pale walipokuwa Waislamu wote.

Neno linalostahili kusimamiwa kidogo ni bepari. Katika Kigujarati na Kihindi ni mfanyabiashara tu, mtu anayenunua na kuuza, wala hakuna lawama ndani yake. Waswahili walilichukua kwa maana hiyo hiyo. Kisha ukaja wakati wa Ujamaa, likahitajika neno la kumtaja mtu anayeneemeka kwa jasho la mwenzake, na bepari akapewa kazi hiyo, na ubepari ukawa mfumo mzima wa uchumi duniani. Kwa hiyo mhadhiri anayefundisha nadharia ya tabaka kwa Kiswahili anamtaja, bila kukusudia, mwenye duka wa Kachchh.

Tahadhari moja inafaa. Si kila neno linalosikika katika duka la Mhindi lilianzia India. Duka lenyewe ni Kiarabu kilichopita katika Kiajemi na Kihindi, na majina sambusa, biriani na pilau yana asili ya Kiajemi, yakaenea India na Ghuba kwa pamoja. Kudai kwamba yalifika kwetu kwa njia moja tu ni kuipunja Bahari ya Hindi.

Je, mahindi yalitoka India?

Hapana. Ni zao la Amerika lililoletwa Afrika katika zama za Wareno. Jina linaonyesha tu kwamba mababu zetu, walipoona kitu kigeni kinashushwa kutoka baharini, walidhani kimetoka upande wa India.

Chakula cha Zanzibar kina Uhindi kiasi gani?

Kiasi kwamba ukiutoa, meza ya futari inabaki na uji, tende na muhogo. Lakini njia bora ya kulijibu swali hili ni kutazama bakuli moja la urojo, kwa sababu ndani yake mambo yote yanaonekana kwa macho.

Chini kabisa kuna mchuzi wenyewe, mzito kiasi cha kushika kijiko, wa rangi ya manjano, uliopikwa kwa unga na kutiwa ukali wa embe bichi, ndimu au ukwaju. Muuzaji anamwaga upawa mmoja, anakatia viazi vilivyochemshwa, kisha anadondosha bajia ndogo za dengu au kunde na kachori, ambazo ni vitufe vya viazi vilivyopondwa, vikakolezwa na kukaangwa. Zikitosha, anachomoa mishkaki ya nyama kutoka kwenye kijiti chake kwa kuibana na ukingo wa bakuli. Yai likitakiwa, linakatwa. Juu anapaka chatini ya nazi, anazungusha pilipili, halafu anamaliza kwa chirizi za muhogo zilizokaangwa, ambazo ukizichelewesha zinalainika na raha yote inapotea. Bajia, kachori na chatini vina majina ya Kihindi, muhogo ni wa Amerika, nazi ni ya pwani, na mkono unaochanganya ni wa Mswahili. Huko India ukiagiza urojo hakuna atakayekuelewa. Mgeni akiambiwa kwamba hiki ni chakula cha Kihindi anadanganywa, na akiambiwa si cha Kihindi anadanganywa vilevile.

Chapati nayo imebadilika njiani. Ile ya nyumba za Kigujarati ni nyembamba, kavu, isiyo na mafuta mengi. Yetu inasukumwa, inapakwa mafuta, inaviringwa mfano wa konokono, inasukumwa tena na kukaangwa, na tunaisifu kwa kuchambuka kwake.

Nitatambuaje athari za Kihindi katika nyumba za Mji Mkongwe?

Anza na mlango. Mlango wa mtindo wa Kiarabu wa zamani umenyooka juu, na kizingiti chake cha juu mara nyingi kina maandishi ya Kiarabu, aya au jina la mwenye nyumba na mwaka wa Hijria. Mlango wenye mkono wa mafundi wa Kihindi, uliopendwa zaidi kuanzia mwishoni mwa karne ya 19, una upinde juu, na ndani ya upinde huo majani na maua yamechongwa kwa msongamano hata hakuna mahali pa kuweka kidole. Mlango wa Kigujarati hasa, ambao mara nyingi ni wa duka, umegawanywa katika vipande vingi vidogo vya mraba na mbao zake hukunjwa kando ili uwazi wote wa duka uelekee barabarani. Ile misumari ya shaba iliyochongoka inasimuliwa kuwa ilibuniwa India kuzuia tembo wa vita wasivunje lango kwa paji la uso. Katika vichochoro vya Kiponda tembo hapiti hata kwa bahati mbaya. Misumari ilibaki kwa ajili ya fahari, na kazi ya mtumishi ikawa kuing'arisha.

Kisha inua macho. Nyumba ya Kiarabu huangalia ndani, kwenye ua wake, na ukuta wake wa nje ni mnene na kimya. Nyumba ya Kihindi huangalia nje: duka chini, familia juu, na balkoni ya mbao yenye nakshi za kukatwakatwa inayowawezesha waliomo ndani kuona mtaa. Njia za Hurumzi na Mkunazini zina safu ya nyumba za aina hiyo. Mfano wa kifahari kuliko yote ni jengo la Zahanati ya Zamani kule Mizingani, mkabala na bandari, ambalo Tharia Topan aliweka jiwe lake la msingi mwaka 1887 kuadhimisha miaka 50 ya utawala wa Malkia Victoria. Alifariki mwaka 1891, jengo likiwa halijakwisha. Balkoni zake za mbao, zilizopakwa rangi na kuchongwa kama lesi, zilikarabatiwa katika miaka ya 1990 na taasisi ya Aga Khan inayoshughulikia utamaduni.

Hata majengo ya masultani hayakuepuka. Barghash, kabla ya kutawala, alihamishiwa Bombay baada ya jaribio lake la mwaka 1859 la kumpindua ndugu yake Majid kushindwa, na alichokiona katika mji ule mkubwa wa bandari alirudi nacho kichwani. Beit al-Ajaib, aliyoijenga mwaka 1883, ilikuwa na veranda za chuma zinazoizunguka kama majengo ya umma ya India ya wakati huo. Sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020.

Khanga ina uhusiano gani na India?

Uhusiano ulianza kabla ya khanga yenyewe. Kaniki, ile nguo nyeusi ya buluu iliyokuwa vazi la kazi la wanawake wengi, ililetwa kutoka Kachchh. Khanga ilitokea katika nusu ya pili ya karne ya 19, pale wanawake wa pwani walipoanza kununua leso kwa mtande bila kuzikata, wakaziunganisha kuwa nguo moja pana. Wafanyabiashara wa Kihindi waliliona hilo mapema, wakaagiza nguo iliyochapishwa tayari kwa vipimo hivyo. Mombasa, duka la Kaderdina Hajee Essak, lililoanza mwaka 1887, linajulikana hadi leo kwa maneno "Mali ya Abdulla" yanayochapishwa kwenye khanga zake.

Itandaze khanga mezani uitazame. Kuna pindo linalozunguka pande zote, kuna mji katikati, na chini ya mji kuna jina, yaani yale maneno ya kuambizana. Katika mji utakuta mara kwa mara umbo la tone lililopinda ncha, ambalo sisi tunaliita korosho na mwanamke wa Gujarat analiita embe bichi. Ni umbo moja, limepewa tunda tofauti kila pwani. Na unaponunua, unanunua doti, khanga mbili, kwa neno lililotokana na shuka anayojifunga mwanamume wa Kihindi kiunoni. Maneno ya khanga ndiyo hayakutoka India. Hayo ni yetu, pamoja na vijembe vyake.

Je, taarab ni muziki wa Kihindi?

Siyo, chimbuko lake la kitaasisi Unguja ni Misri, na Barghash ndiye anayehusishwa na kuileta. India iliingia kwa milango miwili.

Mlango wa kwanza ulikuwa santuri. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, alisafiri na wenzake hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi kwa kampuni ya His Master's Voice, kwa kuwa Bombay ndiko kulikokuwa na studio ya karibu. Sauti ya Kiswahili ya mwanamke wa shamba ikafungwa kwenye sahani ng'ambo ya bahari na kurudishwa kuuzwa katika maduka ya Unguja, Mombasa na kwingineko.

Mlango wa pili ulikuwa sinema. Kuanzia miaka ya 1950 picha za Kihindi zilijaza kumbi za Unguja, Mombasa na Dar es Salaam, na waimbaji, hasa wa Mombasa, wakaanza kuchukua tuni za filamu na kuzitungia mashairi ya Kiswahili. Aliyeufikisha mtindo huo kileleni ni Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, kwa sauti ile ya puani, inayopanda na kuteleza, huku tabla na tashkota, ala ya nyuzi, zikimfuata. Wapo waliomlaumu kwa kuiga. Lawama hiyo, kwa maoni yangu, haimtazami mtunzi wa maneno: tuni ni ya Bombay, lakini shairi lina vina na mizani ya Mvita, na fumbo lililomo ndani yake Mhindi hawezi kulifumbua. Katika harusi za zamani kina mama wa makamo walikuwa wakisikia ala chache za mwanzo tu, tayari wameshaitaja filamu na nani alilia katika onyesho gani.

Je, serikali na mahakama nazo ziliathiriwa?

Ndiyo, zaidi ya watu wanavyodhani, kwa sababu Waingereza waliiendesha Zanzibar kwa muda mrefu kwa kutazama upande wa Bombay. Rufaa za kesi za raia wa Uingereza zilipelekwa Mahakama Kuu ya Bombay. Rupia ilikuwa fedha ya kila siku. Noti za rupia za Zanzibar zilitolewa mwaka 1908 na zilitumika hadi 1936, shilingi ya Afrika Mashariki ilipochukua nafasi yake kwa kiwango cha shilingi moja na nusu kwa rupia. Upande wa Tanganyika, Wajerumani nao walitumia rupia, kwanza yenye pesa 64, kisha kuanzia 1904 yenye heller 100, ambako tulipata neno hela. Waingereza walipoishika Tanganyika waliingiza mwaka 1920 sheria kadhaa za India, na sheria za mikataba na ushahidi zinazotumika Tanzania Bara hadi leo zimefuata kwa karibu zile za India za mwaka 1872.

Methali "Baniani mbaya kiatu chake dawa" ina maana gani hasa?

Kwa kawaida hufundishwa shuleni kwamba mtu unayemchukia anaweza kuwa na kitu kinachokufaa. Hiyo ni sahihi, lakini msomaji makini atauliza kwa nini aliyechaguliwa kuwa mfano wa ubaya ni Baniani. Jibu liko katika daftari la mikopo. Mkulima alimhitaji mwenye duka kabla ya mavuno na akamchukia baada ya mavuno, na hesabu iliandikwa kwa maandishi ya Kigujarati ambayo mdaiwa hakuweza kuyasoma. Mwenye duka naye aliishi ghorofani, akaoa kwao, na hakumkaribisha mteja wake kula. Methali hii imebeba mambo mawili kwa pamoja, dharau na utegemezi, na kuitumia leo mbele ya jirani wa asili ya Kihindi ni kukosa adabu, hata kama maana iliyokusudiwa ni njema.

Mgogoro wa mwaka 1937 ulionyesha jinsi pande hizo zilivyokuwa zimefungamana. Serikali ya Zanzibar ilipokikabidhi chama cha wakulima wa karafuu haki ya pekee ya kununua zao hilo, wafanyabiashara wa Kihindi waliona wanafukuzwa sokoni, na chama cha Congress huko India kikaunga mkono mgomo wa kutonunua karafuu za Zanzibar. India ilikuwa miongoni mwa wanunuzi wakubwa, karafuu zikalala ghalani, na mwaka 1938 ikabidi serikali ilegeze masharti.

Nini kilitokea baada ya Mapinduzi?

Baada ya tarehe 12 Januari 1964 Wahindi wengi waliondoka Unguja, baadhi kwa kupoteza maduka na nyumba zao, baadhi kwa hofu, wakielekea Dar es Salaam, India, Uingereza na Kanada. Nyumba walizoziacha zilipewa wapangaji wapya, familia kadhaa katika nyumba moja, na chokaa na boriti zilizohitaji kutunzwa kila mwaka zikakosa mtunzaji. Upande wa bara, mwaka 1971, serikali ilitaifisha majumba ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi laki moja, na sehemu kubwa ya wamiliki ilikuwa ya asili ya Kihindi. Dhidi ya ubepari, kwa kipimo cha laki: maneno yote mawili yalitoka kwa Wahindi wenyewe.

Haifai kulifanya hilo kuwa hadithi ya kuondoka tu. Amir Jamal alikuwa Waziri wa Fedha wa Tanzania kwa vipindi virefu katika serikali ya Mwalimu Nyerere. Zawadi ya Sewa Haji, mfanyabiashara wa Bagamoyo aliyefariki mwaka 1897, ndiyo iliyoanzisha hospitali ambayo leo ni Muhimbili, na jengo moja la wagonjwa bado linaitwa kwa jina lake. Unguja kwenyewe jamii ndogo zilibaki. Mahekalu, misikiti ya Mabohora na ya Maithnaasheri, na studio ya picha ya Capital Art iliyofunguliwa mwaka 1930, si makumbusho.

Kuna uhusiano wowote mpya?

Mkubwa zaidi ni wa elimu. Mwaka 2023 taasisi ya teknolojia ya India ya Madras, inayojulikana kwa kifupi kama IIT Madras, ilifungua kampasi Zanzibar, ya kwanza kwa taasisi za aina hiyo nje ya India. Wagonjwa wanaopewa rufaa ya kwenda India kwa matibabu wamekuwa jambo la kawaida katika familia nyingi, na tamthilia za Kihindi zilizowekewa sauti za Kiswahili zinawakusanya watu jioni kama sinema zilivyokuwa zikiwakusanya bibi zao.

Je, Wahindi nao walichukua kitu kutoka kwa Waswahili?

Walichukua, na mara nyingi walikibeba hadi mbali kuliko tulivyokifikisha sisi. Kachchhi na Kigujarati cha Afrika Mashariki kimejaa kisu, sufuria, fagio, machungwa na jugu, kiasi kwamba mtoto aliyekulia katika familia hizo huko Leicester huweza kudhani ni maneno ya Kigujarati, hadi siku anapoyatamka mbele ya binamu aliyetoka Rajkot na binamu akabaki anamkodolea macho. Muhogo wanauita mogo, na katika mikahawa ya Kihindi ya London huuzwa mogo wa pilipili, vipande vilivyokaangwa na kukolezwa, chakula ambacho mpishi wa Gujarat hakijui. Kuku wa nazi wanamwita kuku paka, jina linalomshtua kila Mswahili anayelisoma kwa mara ya kwanza kwenye menyu.

Na wapo waliovuka bahari kwa upande mwingine, wengi wao bila hiari yao. Masidi wa Gujarat ni wazao wa Waafrika waliofika India kama watumwa, askari na mabaharia. Karibu na Ratanpur, kwenye kaburi la Bava Gor, huchezwa ngoma yao yenye vishindo vya miguu, na jina wanaloiita ni goma.